Foleni ya milisekunde iliyokwamisha hisa za Facebook

SOKO la hisa la NASDAQ la Marekani lilitozwa faini ya dola milioni 10 mwezi Mei 2013, kiasi ambacho hadi wakati huo kilikuwa kikubwa kuliko faini zote zilizowahi kutozwa soko la hisa nchini humo. Kosa lililoliponza soko hilo halikuwa wizi wala ubadhirifu. Lilikuwa ni foleni. Oda za wateja ziliingia katika kompyuta kwa kasi ambayo mtambo haukuimudu, na kipande kidogo cha programu kikabaki kinazunguka pale pale kama ngamia wa kinu.

Faini hiyo ilitolewa na Tume ya Hisa na Dhamana ya Marekani, SEC, kutokana na yaliyotokea siku hisa za kampuni ya Facebook zilipoanza kuuzwa kwa umma. NASDAQ ililipa bila kukiri wala kukanusha madai.

Tukio hilo bado ni somo kwa kila anayeweka fedha zake katika soko linaloendeshwa na kompyuta, na siku hizi masoko yote makubwa yanaendeshwa hivyo. Wataalamu wana njia mbili za kuupima mtambo kabla haujaaibika mbele ya wateja. Ya kwanza ni nadharia ya foleni, ambayo inaeleza mteja atasubiri kwa muda gani. Ya pili ni ukaguzi wa modeli, ambao unatafuta kama ipo hali yoyote inayoweza kuufanya mtambo ukwame moja kwa moja. Mkasa wa Facebook uligusa zote mbili kwa mpigo.

Ilivyokuwa Mei 18, 2012

Facebook iliuza hisa milioni 421 kwa bei ya dola 38 kila moja na kukusanya dola bilioni 16. Biashara ya hisa hizo ilipangwa kuanza saa 5:00 asubuhi kwa saa za New York, ikasogezwa hadi saa 5:05. Saa hiyo ilipofika, hakuna bei iliyotoka.

Katika ufunguzi wa namna hii soko hukusanya oda zote za kununua na kuuza, kisha kompyuta hutafuta bei moja ambayo kwayo hisa nyingi kuliko zote zitabadili mikono. Hadi dakika ya mwisho mteja ana ruhusa ya kufuta oda yake. Ili asije mtu akauziwa hisa alizokwisha kuzikataa, wabunifu wa mtambo waliweka hakikisho. Kila hesabu ya bei inapomalizika, programu hutazama nyuma kama kuna oda iliyofutwa wakati hesabu inaendelea. Kama ipo, hesabu hurudiwa.

Katika siku za kawaida utaratibu huo haukuleta tabu yoyote. Oda zilikuwa chache, hesabu ilichukua muda mfupi mno, na wateja wa kufuta walikuwa wa kuhesabika. Siku ya Facebook zilishiriki oda zaidi ya 496,000. Hesabu ikawa ndefu kuliko kawaida, ingawa bado ilikuwa ni sehemu ndogo sana ya sekunde, na kabla haijamalizika tayari kuna mtu mahali fulani amefuta oda. Programu ikaanza upya. Ikamaliza, ikakuta mwingine amefuta. Ikaanza tena.

Uongozi wa soko uliamua kuhamia kwenye mtambo wa akiba ambao ulikuwa umeondolewa mistari ile ya programu inayofanya hakikisho. Saa 5:30 bei ikatoka na biashara ikaanza kwa dola 42.05. Watu walidhani mambo yamekwisha.

Kumbe hayakuwa yamekwisha. Wakati programu inazunguka, ilikuwa imebaki nyuma ya wakati kwa dakika 19. Bei iliyotoka saa 5:30 ilihesabiwa kwa oda zilizokuwapo hadi saa 5:11 tu. Oda zaidi ya 30,000 zilikwama ndani ya mtambo kwa zaidi ya saa 2, hazikutekelezwa wala hazikufutwa. Madalali hawakupata uthibitisho wa ununuzi hadi saa 7:50 mchana. Muda wote huo hawakujua kama wana hisa au hawana, na bei ilikuwa inashuka. Hadi soko linafungwa hisa ilikuwa dola 38.23.

NASDAQ yenyewe ilijikuta imeuza hisa zaidi ya milioni 3 ambazo haikuwa nazo. Benki ya UBS ya Uswisi ilitangaza hasara ya faranga za nchi hiyo milioni 349. Machi 2013 SEC iliidhinisha mpango wa NASDAQ wa kuwalipa fidia madalali, jumla yake dola milioni 62.

Foleni ina hesabu zake

Aliyeweka misingi ya hesabu za foleni ni Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyekuwa mtumishi wa kampuni ya simu ya Copenhagen. Mwaka 1909 alitoa andiko lake la kwanza juu ya jinsi simu zinavyoingia, na mwaka 1917 akatoa kanuni za kukadiria kampuni ihitaji njia ngapi za simu ili wateja wasikwame. Swali lake lilikuwa la kibiashara kabisa. Njia zikiwa nyingi mno, mtaji umelala bure. Zikiwa chache, mteja anakasirika na kuondoka.

Kanuni maarufu zaidi katika fani hiyo ilithibitishwa mwaka 1961 na John Little wa Marekani, na mwenye duka yeyote anaweza kuitumia. Idadi ya wateja walio ndani ni sawa na kasi ya kuingia mara muda ambao kila mmoja anakaa. Kama benki inapokea wateja 40 kwa saa na kila mmoja anakaa robo saa, basi wakati wowote ukichungulia ndani utakuta wastani wa watu 10. Meneja anayetaka kupunguza msongamano bila kufukuza wateja ana njia moja tu, nayo ni kupunguza muda anaokaa kila mteja.

Jambo linalowaponza wengi ni jingine. Watu huamini kuwa mtambo ukitumika kwa asilimia 90 ya uwezo wake, basi una nafasi ya asilimia 10 na hakuna wasiwasi. Hesabu za foleni zinasema vinginevyo. Chukua kompyuta yenye uwezo wa kuhudumia oda 100 kwa sekunde, yaani kila oda inahitaji wastani wa milisekunde 10. Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kama oda zinaingia bila mpangilio maalumu, kama wateja wanavyoingia dukani, muda wa wastani tangu oda kuingia hadi kutoka unakuwa hivi:

Oda 50 kwa sekunde: milisekunde 20.
Oda 80 kwa sekunde: milisekunde 50.
Oda 90 kwa sekunde: milisekunde 100.
Oda 95 kwa sekunde: milisekunde 200.
Oda 99 kwa sekunde: milisekunde 1,000, yaani sekunde nzima.

Kutoka oda 50 hadi 99 biashara haijafika hata mara mbili, lakini muda wa kusubiri umepanda mara 50. Oda zikifika 100 kwa sekunde, foleni haina mwisho tena. Inarefuka kadiri siku inavyokwenda. Sababu ni kwamba wateja hawaji kwa mstari ulionyooka. Huja kwa mafungu, na muda ambao mtambo ulikaa bure saa ya ukimya hauwezi kuwekwa akiba ukatumiwa saa ya vurugu.

Kwa mwekezaji maana yake ni moja. Takwimu ya kwamba mtambo wa soko fulani unatekeleza oda kwa milisekunde kadhaa kwa wastani haisemi lolote juu ya siku ya kishindo, na siku ya kishindo ndiyo siku ambayo kila mtu anataka kuuza.

Mzunguko usio na mwisho

Hesabu hizo hizo zinaonyesha kwa nini hakikisho la NASDAQ, ambalo lilikuwa na nia njema, liligeuka mtego. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba wateja wanafuta oda 100 kwa sekunde. Kama hesabu ya bei inachukua milisekunde 5, uwezekano wa kuimaliza bila mtu kufuta ni asilimia 61, hivyo mtambo utafanikiwa kwa jaribio la kwanza au la pili. Hesabu ikichukua milisekunde 20, uwezekano unashuka hadi asilimia 13.5, na yatahitajika wastani wa majaribio 7. Ikichukua milisekunde 50, majaribio yanakuwa karibu 150.

Ikifika milisekunde 100, yaani sehemu moja ya kumi ya sekunde, uwezekano unakuwa chini ya mara 1 katika 22,000, na wastani wa kusubiri ni karibu dakika 37. Hesabu imekuwa ndefu mara 20, lakini kusubiri kumetoka kwenye kufumba na kufumbua hadi zaidi ya nusu saa. Takwimu hizi si za NASDAQ, ni za kufafanulia tu, lakini umbo la tatizo ndilo hilo.

Ugumu mwingine ni kwamba mambo hayo mawili hupanda pamoja. Hisa inayovutia watu wengi ina oda nyingi, hivyo hesabu yake ni ndefu. Hisa hiyo hiyo ina watu wengi wenye wasiwasi, hivyo wanaofuta nao ni wengi. Na bei inapochelewa kutoka, wasiwasi unaongezeka na wanaofuta wanaongezeka zaidi.

Majaribio hayakuonyesha hatari hiyo. Soko lilikuwa limefanya mazoezi kabla ya siku yenyewe, lakini idadi ya oda za mazoezi iliwekewa ukomo wa 40,000, kiasi kidogo sana kulinganisha na kilichokuja. Daraja lililopitishiwa baiskeli haliwezi kuwa ushahidi kwamba lori litapita.

Ukaguzi unaofuata kila njia

Hapo ndipo inapoingia njia ya pili. Mwaka 1981 Edmund Clarke na Allen Emerson nchini Marekani, na mwaka 1982 Jean-Pierre Queille na Joseph Sifakis nchini Ufaransa, walitoa wazo la kuipa kompyuta yenyewe kazi ya kukagua mtambo. Clarke, Emerson na Sifakis walipewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2007, ambayo ni heshima kubwa kuliko zote katika fani ya kompyuta, kwa kazi hiyo.

Majaribio ya kawaida ni kama mkaguzi wa hesabu anayechomoa vocha 50 kati ya elfu 10. Asipoona kosa, hajui kama halipo au halikuwa katika zile 50. Ukaguzi wa modeli hufanya vingine. Mhandisi huandika maelezo mafupi ya mtambo: una hali zipi, na kutoka hali moja unaweza kwenda zipi. Kisha huandika sharti, kwa mfano "kila oda iliyopokelewa lazima mwishowe itekelezwe au ifutwe." Programu ya ukaguzi hupita kila njia inayowezekana. Ikikuta njia inayovunja sharti, huiandika hatua kwa hatua ili mhandisi aone jinsi mambo yanavyoharibika.

Mtambo wa ufunguzi wa soko unaweza kuandikwa kwa hali chache tu: kukusanya, kuhesabu, kuhakiki, kutangaza. Ukiuliza kama lazima siku zote ifikiwe hali ya kutangaza, ukaguzi utajibu hapana, na utaonyesha njia yenyewe: kuhesabu, mteja anafuta, kuhakiki, kurudi kuhesabu, mteja anafuta, na kuendelea bila mwisho. Jibu hilo halihitaji oda 496,000. Linahitaji mteja mmoja tu anayefuta kila wakati usiofaa.

Mfanyabiashara anaweza kuuliza kama jambo la namna hiyo lina uwezekano wa kutokea kweli. Swali ni la haki, na ndiyo sababu njia hizi mbili zimeunganishwa. Ziko programu za ukaguzi, mojawapo ikiitwa PRISM, iliyotengenezwa katika vyuo vikuu vya Birmingham na Oxford nchini Uingereza, ambazo hupokea modeli pamoja na kasi ya kuingia na kasi ya kuhudumia, kisha hutoa uwezekano wa kila jambo. Mhandisi anaweza kuuliza: kuna uwezekano gani kwamba bei haitatoka ndani ya dakika 1? Jibu likiwa sifuri nukta sifuri kadhaa, anaweza kulala. Likiwa robo au nusu, anarudi kazini.

Faida na mipaka yake

Kampuni kubwa zimejifunza thamani ya ukaguzi huu kwa kulipa. Mwaka 1994 iligundulika kwamba kifaa cha Pentium cha kampuni ya Intel kilikuwa kinakosea katika kugawanya baadhi ya namba. Intel ilitenga dola milioni 475 kugharamia ubadilishaji wa vifaa hivyo. Baada ya mkasa huo ukaguzi wa kihisabati ulipata nafasi kubwa katika viwanda vya vifaa vya kompyuta, maana kifaa kikishauzwa hakirekebishiki.

Hali kadhalika, wahandisi wa Amazon walieleza mwaka 2015 kwamba tangu 2011 walikuwa wanatumia lugha ya ukaguzi iitwayo TLA+, iliyobuniwa na Leslie Lamport, katika mitambo yao ya kuhifadhi taarifa. Katika mmoja wa mitambo hiyo ukaguzi ulifichua kasoro ambayo ingejitokeza tu baada ya matukio 35 kufuatana kwa mpangilio fulani. Hakuna mtu anayeweza kukaa mezani akabuni jaribio la namna hiyo kichwani.

Hata hivyo, njia hii si dawa ya kila ugonjwa. Kikwazo cha kwanza ni wingi wa hali. Kama kila oda inaweza kuwa katika hali 3, oda 10 zina mipangilio 59,049, na oda 20 zina zaidi ya bilioni 3. Kwa hiyo wahandisi hukagua modeli ndogo na kutumaini kwamba kasoro kubwa huonekana hata katika udogo. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa, lakini si mara zote.

Kikwazo cha pili ni kwamba kinachokaguliwa ni modeli, si mtambo uliofungwa ofisini. Agosti 1, 2012, miezi michache tu baada ya mkasa wa Facebook, kampuni ya udalali ya Knight Capital ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 katika muda wa dakika 45 hivi. Programu mpya ilikuwa imewekwa katika kompyuta 7 kati ya 8, na ile ya nane ikafufua programu ya zamani iliyoanza kununua na kuuza hovyo. Modeli safi ya programu mpya isingesaidia kitu kama fundi amesahau kuiweka katika mashine moja.

Nadharia ya foleni nayo ina udhaifu wake. Kanuni nyepesi hudhani kwamba kila mteja huja kwa hiari yake bila kumtazama mwenzake. Katika soko la hisa watu hutazamana sana, na habari moja huwaleta wote mlangoni dakika moja. Mwenye kutumia kanuni hizo lazima aongeze nafasi ya ziada.

Novemba 2014 SEC ilipitisha kanuni zinazoyataka masoko ya hisa na taasisi nyingine muhimu za biashara hiyo kuwa na mipango ya uwezo wa mitambo, kuipima, na kutoa taarifa inapokwama.

La kuzingatia kwa mwekezaji mdogo

Masoko ya Dar es Salaam na Nairobi yote yaliingia katika biashara ya kompyuta mwaka 2006. Idadi ya oda zake haiwezi kulinganishwa na ya New York. Lakini foleni haijali ukubwa wa soko. Inajali uwiano wa kazi na uwezo. Mtambo mdogo wenye kazi ya asilimia 95 unateseka sawasawa na mkubwa wenye kazi ya asilimia 95. Hisa mpya yenye kupendwa inaweza kuleta kazi hiyo kwa siku moja.

Kwa mwekezaji mdogo kuna mambo matatu ya kushika. La kwanza ni oda yenyewe. Oda ya "nunua kwa bei yoyote" inayokwama saa 2 inaweza kutekelezwa kwa bei ambayo mwenye nayo asingeikubali. Oda yenye ukomo wa bei inaweza kukosa kutekelezwa, lakini haiwezi kununua kwa bei ya juu kuliko mwenyewe alivyosema. Siku ya kwanza ya hisa yenye makelele, ukomo wa bei ni kinga ya bure.

La pili ni kutokutuma oda ya pili kabla ya kupata uthibitisho wa ile ya kwanza. Mtu aliyeona kimya akatuma tena anaweza kujikuta amenunua mara mbili, na hata kama hakukusudia, anakuwa amerefusha foleni ile ile inayomkwamisha.

La tatu linawahusu wanaonunua hisa za kampuni ambazo biashara yao yote imo ndani ya kompyuta, kama vile benki, kampuni za simu na masoko ya hisa yenyewe. Katika mkutano mkuu wanahisa huuliza juu ya gawio na madeni mabaya. Wana haki pia ya kuuliza: mtambo wetu unatumia asilimia ngapi ya uwezo wake saa ya kazi nyingi kuliko zote? Tulipoujaribu, tuliujaribu kwa kazi kiasi gani kulinganisha na ile tunayoitarajia? Na mtambo ukikwama, oda na fedha za wateja zilizo njiani zinakwenda wapi?

Mkurugenzi anayejibu swali la kwanza kwa wastani wa mwezi mzima hajalijibu. Katika mwezi wa Mei 2012 mtambo wa NASDAQ ulifanya kazi yake vizuri karibu siku zote. Kilichowagharimu wateja ni asubuhi moja.